Kaunta za pembeni kwa 4-4-2: namna ya kuipanga timu kwenye viwanja vya Mtwara na Lindi

Timu nyingi zinazosema zinacheza kaunta, yaani shambulizi la kushtukiza mara mpira unaponaswa, huwa zinabutua tu. Mpira ukinaswa, namba nne anaupeleka mbele kwa nguvu zote, tisa anakimbizana nao peke yake dhidi ya mabeki watatu, halafu benchi linalalamika kwamba tisa hana mbio. Tisa wa watu anaonewa. Kaunta hupangwa wakati wa kukaba. Pale walipo saba na kumi na moja sekunde ile mpinzani anapopoteza mpira ndipo panapoamua kama kuna shambulizi au kuna butuabutua.

4-4-2 ni mabeki wanne, viungo wanne wakiwemo mawinga, na washambuliaji wawili. Namba zinazotumika hapa ni zile za kizamani: mbili na tatu mabeki wa pembeni kulia na kushoto, nne na tano mabeki wa kati, sita na nane viungo, saba winga wa kulia, kumi na moja winga wa kushoto, tisa mshambuliaji, na kumi anayecheza nyuma yake kidogo.

Pima uwanja kabla ya kupanga timu

Sheria inaruhusu uwanja wa urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90. Maana yake viwanja viwili vyote halali vinaweza kupishana upana mara mbili, na kwa timu ya mawinga upana ndio mtaji. Usikisie. Tembea kwa hatua ndefu, ambayo kwa mtu mzima ni karibu mita moja, kutoka mstari wa pembeni hadi mwingine. Ukipata 60 hadi 68, mfumo huu unakaa vizuri. Chini ya 55, kama ilivyo kwenye viwanja vingi vya shule, mpinzani akipanga mabeki wanne wanaziba upana wote na winga hana pa kupita. Hapo punguza matumaini ya krosi na uelekeze pasi kwenye uwazi ulio nyuma ya beki wa pembeni, kati yake na beki wa kati. Hata ukipangiwa uwanja mkubwa wa Nangwanda Sijaona, Mtwara, au Ilulu, Lindi, fika mapema, tembea na wachezaji, waonje ardhi kwa njumu zao.

Ardhi ndiyo inayoharibu kaunta nyingi kuliko mpinzani. Ukanda wa pwani, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, viwanja vingi vya mitaani vina mchanga: pasi ya chini inakufa njiani. Pasi ambayo kwenye nyasi ingefika kwa winga inasimama mita tano nyuma yake, naye analazimika kugeuka. Kwenye mchanga pasi ya kupenyeza ipigwe juu kidogo, idunde mara moja tu, na ilenge miguuni au hatua mbili mbele yake. Ukipanda huko Newala na Tandahimba, ambako uwanja ni udongo mwekundu ulioshindiliwa, mambo yanageuka: mpira ukidunda mara moja unaruka juu, ukidunda mara ya pili umeshafika kwa kipa. Huko pasi ya nyuma ya mabeki ipigwe ya chini, ipigwe mapema, na ielekee kwenye kibendera cha kona badala ya goli, ili udongo usiupeleke mpira kwa kipa. Mvua za Desemba hadi Aprili zikishika, uwanja huohuo unakuwa tope na kanuni za mchangani zinarudi.

Upepo nao. Kusi ikivuma, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, jioni za pwani pasi ndefu inayopigwa dhidi ya upepo inaning'inia hewani na beki anapata muda wa kurudi. Unapocheza dhidi ya upepo, kaunta ipite chini, pasi fupi tatu au nne. Upepo ukiwa mgongoni, ndefu inaruhusiwa, lakini ipigwe fupi kuliko unavyodhani.

Umbo la kukaba

4-4-2 inafaa kwa sababu mawinga wawili wanaanzia karibu na pale watakapohitajika, na kuna watu wawili mbele wa kupokea pasi ya kwanza. Mfano unaojulikana ni Leicester City msimu wa 2015/16, waliotwaa ubingwa wa Uingereza wakimiliki mpira muda mfupi kuliko wapinzani katika mechi nyingi: Mahrez kulia, Albrighton kushoto, Vardy mbele, Okazaki akishuka kusaidia viungo. Watu wanakumbuka mbio za Vardy. Mwalimu anapaswa kuangalia miguu ya Albrighton, jinsi alivyorudi ndani kila mpira ulipokuwa upande wa pili.

Vipimo vya kuanzia, kwa uwanja wa kawaida:

Kati ya mstari wa mabeki na mstari wa viungo, mita 10 hadi 12. Kati ya viungo na tisa, vilevile au pungufu. Timu nzima, toka beki wa mwisho hadi tisa, isizidi mita 35. Kati ya mtu na mtu kwenye mstari mmoja, mita 8 hadi 10 upande wenye mpira. Tisa anaanza kukaba kwenye ukingo wa duara la kati upande wa mpinzani, hapandi zaidi ya hapo. Mabeki wao wa kati waachwe wapigiane pasi mpaka wachoke. Pasi zile hazina madhara, na kila wanapopanda mita tano wanakuachia mita tano nyuma yao.

Sasa jambo la mawinga, na hapa ndipo pa kukaa.

Winga aliye upande wenye mpira anarudi hadi usawa wa sita na nane, mita nane hivi kutoka kwa kiungo wa karibu. Haendi kusimama kwenye chokaa. Anamkabili beki wao wa pembeni akitokea nje kuingia ndani, kiasi kwamba njia iliyobaki wazi ni ya katikati, kwa sita na nane. Makocha wengi hufundisha kinyume, kwamba mpinzani asukumwe nje. Kwa timu inayotaka kushambulia kwa kushtukiza, kumsukuma nje kuna hasara: mpira ukinaswa kwenye mstari mara nyingi unatoka, unakuwa wa kurusha, wapinzani wote wanarudi, na kaunta imekufa. Ukinaswa ndani, una kulia, una kushoto, una mbele. Mpaka wa kanuni hii ni mita 25 kutoka golini kwako. Mpinzani akishafika hapo, geuza: msukume nje, kwa sababu kupokonyana mpira katikati mbele ya kumi na nane yako, yaani eneo la penalti, ni kumkaribisha apige.

Winga aliye upande usio na mpira ndiye mtu muhimu kuliko wote, na ndiye anayesinzia kuliko wote. Anaingia ndani hadi usawa wa nguzo ya goli ya upande wake. Halafu, tofauti na sita na nane, anakaa hatua nne au tano mbele ya mstari wao. Mwili wake uwe nusu umegeuka, mgongo kwenye mstari wa pembeni, ili jicho lione mpira na pia beki wa pembeni anayetakiwa kumkaba. Akisimama kifua kikiwa kimeelekea goli lake, mpira ukinaswa anahitaji kugeuka kwanza, na sekunde hiyo moja ndiyo tofauti kati ya kumpita beki na kukimbia naye bega kwa bega.

Hatua hizo tano zina gharama. Mpinzani akibadili upande kwa pasi ndefu, beki wako wa pembeni atabaki peke yake kwa muda. Kubali gharama hiyo, lakini mpe beki kanuni: asiuendee mpira, arudi nyuma huku akimchelewesha mtu, mpaka winga afike. Pasi ya mita 40 iko hewani muda wa kutosha winga kurudi kama aliianza safari mpira ulipoondoka mguuni, na si ulipotua.

Pasi ya kwanza

Mpira umenaswa. Aliyeunasa amezungukwa na watu, maana mpinzani alikuwa anashambulia hapo. Pasi ya kwanza ina kazi moja tu, kuutoa mpira kwenye lile kundi. Haitakiwi kuwa pasi ya goli. Mpangilio wa kutazama ni huu: kwanza miguu ya kumi, ambaye anashuka kwenye uwazi nyuma ya viungo wao, asipokuwepo, winga wa upande wa mbali, asipopatikana, tisa kifuani, vyote vikishindikana, rudisha kwa sita na mmiliki mpira. Kaunta iliyosimamishwa kwa hiari si dhambi. Dhambi ni ile pasi ya kubahatisha inayorudishwa na beki wao moja kwa moja kwenye miguu ya winga wao.

Tazama shambulizi moja kwa karibu. Wapinzani wanakuja kwa upande wetu wa kulia. Saba amemlazimisha beki wao wa kushoto kuingia ndani, nane amenasa mpira mita 35 kutoka golini kwetu. Kumi anashuka kuelekea kwake, anapokea akiwa amelipa goli lao mgongo, na kwa mguso mmoja anaurudisha kwa sita anayekuja akiwa anaangalia mbele. Sita anapiga pasi ya kwenda kushoto, nyuma ya beki wao wa kulia aliyekuwa amepanda. Kumi na moja anaufikia.

Sasa uliza: kumi na moja alianza kukimbia lini? Jibu sahihi ni pale mpira ulipofika kwa kumi. Akingoja mpaka sita apige, amechelewa. Akianza nane aliponasa, atafika kwenye mstari wa mabeki wao mapema, ataotea au itabidi asimame. Na mbio zake zisiwe za moja kwa moja. Aanzie ndani alikokuwa amesimama, afuate upinde kama mundu, nje halafu mbele, ili awe anauona mpira muda wote na aupokee akiwa kasi, uwanja wote ukiwa mbele yake.

Kuhusu kuotea, kuna kanuni ambayo vijana wengi hawaitumii: mchezaji aliye kwenye nusu yake ya uwanja pasi inapopigwa hawezi kuhesabiwa ameotea, hata mabeki wote wawe nyuma yake. Timu pinzani ikipanda hadi mstari wa kati, winga wako akae nusu hatua ndani ya nusu yenu na achomoke mpira unapoondoka mguuni. Pia hakuna kuotea kwa mpira unaopokelewa moja kwa moja kutoka kwenye kurusha, goli kiki au kona. Kurusha haraka kwa winga aliye mbele ya kila mtu ni kaunta halali kabisa, na mabeki wanaonyoosha mikono wanapoteza muda wao.

Kuubeba mpira

Mwenye mpira akiwa na uwazi mbele yake na asikabiliwe na mtu, asipige pasi. Abebe. Pasi inayopigwa mapema inamwachia beki muda wa kuchagua. Anayebeba anamlazimisha beki aje, na beki akija ndipo winga anafunguka.

Goli la Ubelgiji dhidi ya Japan kwenye Kombe la Dunia, Rostov, Julai 2, 2018, linaonyesha kila kitu. Japan walipiga kona dakika za nyongeza matokeo yakiwa 2-2. Kipa wa Ubelgiji, Courtois, akaudaka, akamrushia De Bruyne kwa mkono. De Bruyne hakupiga ndefu; aliubeba kupitia katikati zaidi ya nusu ya njia, mpaka Mjapani alipolazimika kumfuata, ndipo akamwachia Meunier kulia. Krosi ya chini, Lukaku akauruka makusudi, Chadli akamalizia. Haikuchukua muda mrefu zaidi ya sekunde kumi hivi. Lukaku hakugusa mpira hata mara moja, lakini alikuwa ameshamvuta beki kwa mbio zake kabla ya pasi ya Meunier.

Chukua kutoka hapo mambo mawili ya kufundisha. Kipa arushe kwa mkono inapowezekana, kwa sababu mpira wa mkono unafika chini na mtu anaupokea bila kuhangaika. Na kipa asichelewe: tangu Julai 2025 sheria inamruhusu kushika mpira sekunde nane tu, akizidisha wapinzani wanapewa kona.

Ndani ya kumi na nane

Mpira ukiwa kwa kumi na moja kushoto, watu wanne waingie, kila mmoja na sehemu yake. Tisa anakwenda nguzo ya karibu, kwa kasi, hata kama hatapata mpira, maana anamvuta beki wa kati. Saba anatoka upande wa pili hadi nguzo ya mbali. Huyu ndiye anayefunga magoli mengi kwa mfumo huu na ndiye anayependa kusimama akitazama. Kumi anachelewa makusudi na kufika karibu na alama ya penalti. Nane anasimama nje kidogo ya kumi na nane kwa mpira utakaorudi.

Kosa la kawaida ni tisa, saba na kumi wote kukimbilia usawa mmoja. Mabeki wanaorudi wanakimbia kuelekea goli lao, kwa hiyo uwazi uko nyuma ya migongo yao. Winga akifika usawa wa mstari wa goli, mpira bora ni wa kurudisha nyuma, chini, kwa kumi kati ya mita sita na 11 kutoka golini. Akiwa hajafika huko na bado ana mita 20, apige mapema kati ya kipa na mabeki. Kwenye mchanga, ule mpira wa chini wa kurudisha unakwama. Aunyanyue hadi usawa wa goti. Ndivyo ilivyo, mabao mengi ya mchangani hufungwa kwa paja.

Winga wa mguu gani? Hapa maoni yanatofautiana. Wengi siku hizi wanapenda winga wa mguu wa kulia acheze kushoto ili aingie ndani apige. Kwa kaunta, huyo anakuchelewesha: kila akifika pembeni anasimama, anaurudisha mguu wa kulia, na beki amesharudi. Angalau upande mmoja uwe na winga wa mguu wa asili. Ukiwa na mchezaji mmoja tu wa mguu wa kushoto, usimpoteze kwenye namba tatu.

Wanaobaki

Wakati wanne hao wanashambulia, namba nne, tano, sita na beki wa pembeni wa upande usio na mpira wanabaki. Sita asimame mbele ya mabeki wa kati, karibu na mpinzani yeyote aliyeachwa juu, amguse kabisa. Timu za kaunta nazo hufungwa kwa kaunta, kwa sababu zinanyooka haraka kutoka mita 35 hadi mita 60. Beki wa pembeni wa upande wenye mpira anaweza kupanda hadi mstari wa kati kusaidia, asizidi. Akizidi, na winga akapokonywa, upande mzima uko wazi.

Mpira ukipotea, sekunde tano za kwanza aliye karibu zaidi amkabe mwenye mpira, wengine wote warudi kwanza ndipo wageuke. Usifundishe kukaba juu kwa timu nzima kwa mfumo huu. Pumzi haitoshi.

Mazoezi

Huhitaji vifaa vingi. Vifuu vya nazi vinafanya kazi ya koni, na majivu yanachora mistari kama chokaa imekwisha. Unachohitaji ni mipira minne na saa ya simu.

Kwanza, kusogea kwa pamoja. Panga mabeki wanne na viungo wanne, bila mpinzani. Weka vifuu vitano kwa upana wa uwanja, mita 30 mbele yao, uvihesabu moja hadi tano. Ukitaja namba, mistari yote miwili inasogea. Ukitaja moja, winga wa upande wa tano awe amefika usawa wa nguzo yake, hatua nne mbele ya wenzake, mwili umegeuka. Simamisha, tazama, sahihisha, endelea. Dakika 12 zinatosha. Zoezi linachosha kichwa na wachezaji hawalipendi. Lifanye mwanzoni wakiwa bado na akili.

Pili, kunasa na kutoka. Eneo la mita 40 kwa 50, sita dhidi ya sita. Kundi moja linamiliki mpira na linapata alama kila likipiga pasi nane. Kundi la pili likinasa lina sekunde sita kuupitisha mpira kwenye moja ya milango miwili ya vifuu, mita tatu kila mmoja, iliyowekwa kwenye pembe za mbele. Mlango ulio mbali na mahali mpira uliponaswa una thamani ya alama mbili. Hiyo alama ya pili ndiyo inayowafundisha kuinua kichwa na kutazama upande wa mbali. Raundi nne za dakika tatu, mapumziko dakika mbili. Mkiona mpira unanaswa na hapohapo unapotea, eneo ni dogo. Ongeza mita tano kila upande.

Tatu, mbio na goli. Washambuliaji wanne, mabeki wawili na kipa. Mpira unaanza kwa kumi mstari wa kati, saba na kumi na moja wanaanza mita tano nyuma yake, tisa mbele yake. Tangu kumi aguse mpira, wana sekunde kumi kupiga golini. Baada ya marudio sita, ongeza beki wa tatu anayekimbia kutoka nyuma yao akianza mita saba nyuma. Marudio 12 kwa jumla, na pumziko la sekunde 60 hadi 90 kila baada ya rudio. Usilipunguze pumziko. Zoezi hili ni la kasi; mchezaji aliyechoka anajifunza kukimbia taratibu.

Kupima winga ana pumzi ya kazi hii, mkimbize mita 30 mara nane, akipumzika sekunde 30 katikati. Linganisha muda wa kwanza na wa nane. Ukipishana zaidi ya nusu sekunde, ana mbio lakini hana kurudia, na atakuwa mzigo kuanzia dakika ya 60. Si lazima umwache. Mwingize dakika hiyo badala ya kumwanzisha.

Kwa wiki yenye mechi Jumamosi, zoezi la tatu lifanyike Jumanne au Jumatano, lile la kwanza Alhamisi, Ijumaa iwe nyepesi na ya mipira ya kutenga. Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, hesabu nyingine: kijana aliyeamka alfajiri kuokota korosho hadi mchana ameshafanya mazoezi ya miguu na mgongo. Siku hizo achana na mbio, fanya kusogea na pasi ya kwanza kwa dakika 45, mpeleke nyumbani.

Yanayoharibika siku ya mechi

Mawinga hawarudi. Dalili yake utaiona kwa beki wa pembeni, anageuka geuka akitafuta msaada huku watu wawili wakimjia. Kabla ya kumfokea winga, tazama tisa na kumi: kama wanaacha kiungo wao wa chini acheze huru, winga hulazimika kuingia ndani kuziba na pembeni panabaki wazi. Kumi amkabe yule kiungo, mambo yatanyooka.

Wapinzani wameshituka, nao wamerudi nyuma na kuwaachia mpira. Timu ya kaunta hupotea hapa, inapiga pasi mbele ya mabeki kumi mpaka inachoka. Msilazimishe. Rudisheni mpira kwa nne na tano, mpigiane pasi ndani ya nusu yenu mpaka watoke. Wasipotoka, tafuteni mipira ya kutenga na kurusha karibu na kumi na nane. Winga achenge ili achezewe faulo.

Winga anachezewa faulo kila anapochomoka. Kiungo wao amepewa kazi hiyo na atakuwa amehesabu kuwa kadi ya njano moja ni bei nafuu. Winga asilale akinung'unika. Aweke mpira chini na kuupiga haraka kabla hawajajipanga, maana mwamuzi anaruhusu kama hajasimamisha mchezo kutoa kadi au kupanga ukuta. Akishapewa kadi huyo kiungo, kila kaunta ipite upande wake.

Kuhusu mpira wenyewe: sheria inataka upepo wa ndani wa kanieneo ya angahewa (atm) 0.6 hadi 1.1. Mkiwa wenyeji kwenye udongo mgumu, utakuwa halali na rafiki zaidi ukiukaribia ule wa chini, maana hauruki sana. Bila kipimo, gumba likibonyeza na kuzama kidogo tu, inatosha.

Kwenye kurusha shilingi, anayeshinda anaweza kuchagua goli la kushambulia au kuanzisha mpira. Pwani kusi ikiwa imeshika na uwanja umelala kaskazini-kusini, chagua kucheza na upepo kipindi cha kwanza. Mara nyingi upepo hulegea jua likizama, na mechi ya saa kumi jioni kipindi chake cha pili kinakuangukia wakati huo, mawinga wako wamechoka, wapinzani wamepanda kutafuta goli, na nyuma yao pamebaki mita 40 tupu. Hapo ndipo mwingize yule uliyemweka benchi kwa kukosa pumzi. Dakika 25 anazo.